MABASI YA UMMA: KUZAA SI KAZI, KAZI NI KULEA

Ndugu wanachama na wasomaji wetu, leo twataka kusema juu ya basi. Wako watakaotucheka, wakisema kwamba chama kina mambo makubwa ya kusemea, ya katiba na ya uchumi, na kwamba habari za basi ni habari za makonda. Sisi hatuoni hivyo. Mfanyakazi anayetoka kwake Kibamba saa kumi na moja alfajiri, akarudi usiku watoto wamekwisha lala, ameibiwa. Ameibiwa saa za maisha yake, na hakuna polisi wala hakimu awezaye kumrudishia saa hizo. Nchi inayowaambia watu wake wafanye kazi kwa bidii haina budi kwanza iwafikishe kazini.

Neno letu ni hili. Mji wa Dar es Salaam umekwisha pata njia za mabasi ambazo miji mingi ya Afrika inazitamani. Kinachotusumbua ni matunzo ya chombo baada ya kukipata. Ugonjwa huu haukuanza jana, na tusipoujua ulikotoka, tutaununulia dawa ya bei kubwa isiyouponya.

MJI ULIOPANGWA KWA RANGI

Wazee wetu wanaukumbuka mji wa siku za mkoloni. Uzunguni ilikuwa upande wa bahari, penye upepo na bustani. Uhindini ilikuwa katikati, penye maduka. Uswahilini ilikuwa Kariakoo, na baadaye Ilala na Magomeni. Kati ya Uhindini na Kariakoo pakaachwa uwanda wa Mnazi Mmoja, uwe mpaka baina ya watu na watu. Mwafrika alifanya kazi mahali pamoja na kulala mahali pengine, na safari ya kati ilikuwa juu ya miguu yake. Mabasi yalikuwapo, ya kampuni ya DMT, lakini kampuni ya mtaji hutazama kwanza penye faida, kisha ndipo hutazama penye watu.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 umma ulitwaa njia kuu za uchumi, na DMT ikatwaliwa mwaka 1970. Mwaka 1974 ikagawanywa: mabasi ya mikoani yakawa ya KAMATA, na ya mjini yakawa ya Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA. Hapo basi likawa letu. Lakini jambo kuwa letu ni mwanzo wa kazi, wala si mwisho wake. Mji ulikuwa ukikua upesi kuliko hesabu za ofisini. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta watu kama 272,000 Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 imekuta watu 5,383,728. Ni karibu mara ishirini katika miaka hamsini na mitano.

UDA ilishindwaje? Mabasi yalitoka ng'ambo, na vipuri vyake vilitoka huko huko. Mafuta yalipopanda bei duniani katika miaka ya 1970, kisha vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikameza fedha za kigeni, basi lililokosa kipuri kimoja likalala gereji pamoja na yale yaliyokosa vipuri kumi. Watu wakajazana vituoni. Yakatokea magari ya wizi yaliyoitwa chai maharage, ambamo abiria walikaa wakitazamana kama walio mezani, huku dereva akiangalia kama polisi yuko mbele. Mwaka 1983 serikali ikakubali jambo lililokwisha kuwako, ikawaruhusu watu binafsi kubeba abiria mjini. Nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano watu waliiita dala. Ndipo tukapata jina la daladala.

Twayataja haya kwa sababu wako wanaosema kwamba daladala liliiua UDA. Si kweli. Daladala liliikuta UDA imekwisha lala kitandani, likachukua abiria waliokuwa wakingoja. Lililoiangusha UDA ni kwamba tulijua kununua basi na hatukujiandaa kulitunza.

MWENDOKASI NA SIFA ZAKE

Mwaka 2007 uliundwa Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, DART. Tarehe 10 Mei 2016 mabasi yakaanza kubeba watu katika njia ya kwanza, yenye urefu wa kilomita 21 hivi, kutoka Kimara hadi Kivukoni kwa Barabara ya Morogoro, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Fedha nyingi za ujenzi zilikuwa mkopo wa Benki ya Dunia. Basi likapewa njia yake peke yake katikati ya barabara, abiria akalipa kabla ya kupanda, na sakafu ya kituo ikawa sawa na sakafu ya basi, hata mzee mwenye mkongojo na mama mwenye mtoto mgongoni wakaingia bila kupanda ngazi. Nauli ya njia kuu ilikuwa shilingi 650. Safari ya Kimara mpaka mjini, iliyokuwa ikila saa mbili wakati wa foleni, ikawa ya chini ya saa moja. Watu hawakuliita kwa jina refu la serikali. Waliliita Mwendokasi, na jina la watu ndilo lililoshika.

Sifa zikaja. Mji wetu ukapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018, wa kwanza katika Afrika kuipata. Tulifurahi, na tulistahili kufurahi. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Njia ile ilianza kwa mabasi 140, na hesabu ya wataalamu ilitaka mabasi 305. Mengine 70 yalipofika mwaka 2018, yalikaa bandarini muda mrefu kwa sababu ya ubishi wa kodi. Abiria wa Kimara alikuwa akigombania mlango wa basi asubuhi, na basi lake lilikuwa bandarini likipigwa na jua la chumvi. Nani aliulizwa? Nani alijibu?

Tena gereji kubwa ya mabasi ilijengwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi. Kila mtoto wa Magomeni anajua kwamba Jangwani hufurika masika. Maji yalipokuja hayakuuliza kama haya ni mabasi ya umma au ya mtu. Yaliingia, yakaharibu mashine, na barabara yenyewe ikafungwa mara nyingi pale pale bondeni. Twasema bila kumung'unya: walioishi kando ya bonde lile wangeulizwa, wangesema, na wala wasingedai malipo ya ushauri.

Njia ya pili, ya Barabara ya Kilwa hadi Mbagala, yenye kilomita 20 hivi, ilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika pamoja na fedha za serikali. Saruji ilikauka, vituo vikasimama, na watu wa Mbagala wakawa wanapita kandokando yake wakiwa wamebanana ndani ya daladala. Mabasi hayakuanza kuwabeba mpaka Oktoba 2025. Mkopo hauna habari kwamba basi halijafika. Riba huhesabiwa usiku na mchana, njia ikitumika au ikiota majani.

HESABU YA KITUONI

Tufanye hesabu ndogo, ambayo kila mwanachama aweza kuifanya kwa kijiti mchangani. Basi refu la mita 18 hubeba watu kama 150. Likija basi moja kila dakika tatu, katika saa moja yatapita mabasi ishirini, na watu 3,000 watakuwa wamekwenda kazini. Likija moja kila robo saa, yatapita manne, na watakaokwenda ni watu 600. Saruji ni ile ile, mkopo ni ule ule, mishahara ya ofisini ni ile ile. Kilichopungua ni mabasi, na watu 2,400 wamebaki kituoni.

Sasa watie watu hao 2,400 katika kituo kimoja, siku baada ya siku. Mwenye nguvu atapita dirishani. Mjamzito atarudi nyuma. Mwizi wa mifukoni atapata soko lake. Mwanafunzi atafika shuleni wenzake wamekwisha anza somo la pili, naye ataadhibiwa kwa kosa ambalo si lake. Na siku moja watu watachoka. Mwanzo wa Oktoba 2025 walichoka, na mabasi yakapigwa mawe. Ndipo baadhi ya mabasi mapya yaliyonunuliwa kwa ajili ya Mbagala yakahamishwa upesi yaende kuokoa njia ya Kimara. Mwisho wa mwezi huo huo, katika ghasia za siku za uchaguzi, vituo vya Mwendokasi vikachomwa moto.

Sisi hatusifu jiwe wala kiberiti. Anayechoma kituo anachoma deni ambalo yeye mwenyewe na mwanawe watalilipa, na kesho yake atangoja basi juani pasipo paa. Lakini twawauliza wenye dhamana: mbona mabasi yaliyosemekana hayawezekani kwa miezi na miezi yaliwezekana kwa siku chache baada ya mawe? Hili ni fundisho baya. Serikali isimfundishe mwananchi kwamba barua yake haisomwi ila ifungwe kwenye jiwe.

NA RELI JE?

Wako wanaosema: acheni mabasi, yamekwisha shindwa, tujenge reli nyepesi ya umeme ipite juu ya mji, kama miji ya wenzetu. Maneno haya ni matamu, nasi hatuyapingi. Mji wa watu milioni tano na zaidi utahitaji reli, na twaamini siku yake itafika. Lakini tutazame kwanza jirani aliyetutangulia.

Addis Ababa, mji wa ndugu zetu wa Ethiopia, una mabasi ya umma tangu zama za Mfalme Haile Selassie, yakiitwa Anbessa, yaani Simba. Mwezi wa Septemba 2015 mji huo ukafungua reli nyepesi ya umeme, na kabla ya mwisho wa mwaka njia zote mbili zikawa zinafanya kazi. Ni kilomita 34 hivi na vituo 39. Gharama yake ilikuwa dola milioni 475 za Marekani, na sehemu kubwa, asilimia 85, ilikuwa mkopo wa benki ya Exim ya China. Afrika nzima ilipiga makofi, na sisi pia. Nauli iliwekwa ndogo ili maskini apande, na maskini akapanda.

Kisha likaja lile lile lililoiangusha UDA. Treni zilikuwa 41. Magurudumu yakaisha, vyombo vya umeme vikaharibika, vipuri vilikuwa ng'ambo, na ng'ambo hutaka fedha za kigeni. Mwaka baada ya mwaka treni zilizosimama zikawa nyingi kuliko zinazokwenda, na abiria akarudi kwenye foleni ya basi na ya gari dogo. Nauli ndogo haikutosha kununua vipuri, na hakuna aliyekuwa ametenga fungu jingine la kufidia. Hatusemi haya kwa kuwacheka Wahabeshi. Walithubutu, nao wametulipia ada ya shule ambayo sisi twaweza kusoma bure, tukitaka kusoma.

Lagos nao watufundishe subira. Reli yao ya Buluu ilianza kujengwa mwaka 2010, na abiria wa kwanza akapanda Septemba 2023, katika kilomita 13 za mwanzo. Miaka kumi na mitatu! Watu wa Mbezi na Gongo la Mboto hawawezi kungoja kituoni miaka kumi na mitatu.

Tena tusisahau kwamba treni ya mjini tulikwisha ianza sisi wenyewe, bila makofi mengi. Tarehe 29 Oktoba 2012 gari la moshi la abiria wa mjini lilianza kutoka Stesheni hadi Ubungo Maziwa, kwa reli ile ile ya kati ya zamani, na jingine likaenda kwa reli ya TAZARA. Watu wakaliita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa wakati ule. Mabehewa yalikuwa ya zamani na reli ilikuwa ya zamani, lakini watu walijaa. Maana yake ni kwamba abiria yuko tayari, na njia nyingine ziko tayari. Afadhali kukifanya kizuri kidogo tulicho nacho kuliko kuota kikubwa ambacho hatujajifunza kukitunza. Atakayeweza kutengeneza basi hapa nchini, kesho ataweza kutengeneza treni. Asiyeweza basi, treni itamshinda mapema zaidi na kwa deni kubwa zaidi.

WATU WA DALADALA NI WATU WETU

Neno moja kwa wale wanaozungumza kana kwamba daladala ni taka za kufagiliwa. Dereva wa daladala huamka kabla ya mwadhini. Kila jioni ana hesabu ya tajiri, ipatikane isipatikane. Wengi wao hawana mkataba wa maandishi, hawana likizo, na akiugua, nafasi yake inachukuliwa na deiwaka siku ile ile. Anakimbia na kumpita mwenzake kwa sababu hesabu inamkimbiza yeye. Kumlaumu kwa mwendo wake bila kutazama hesabu yake ni kumpiga punda na kumwacha aliyempakia mzigo.

Magari haya yalipoondolewa katika Barabara ya Morogoro mwaka 2016, mengi yalisukumwa pembeni tu. Twaona yalipasa kuitwa ndani: madereva na makonda wajiunge katika vyama vya ushirika, wapewe njia za kulisha vituo vikuu, kutoka Goba, Kinyerezi, Makabe na Chamazi, kwa malipo ya kilomita walizokwenda, wala si kwa kugombania vichwa vya abiria. Mtu akilipwa kwa kilomita hana sababu ya kumfungia mwanafunzi mlango.

TUNAYOYATAKA

Kulalamika bila kusema la kufanya ni kazi ya mlevi. Basi sisi twayataka haya:

Kwanza, hesabu iwekwe hadharani. Kila wiki ibandikwe katika kila kituo kikuu: mabasi mangapi tunayo, mangapi yametoka asubuhi, mangapi yako gereji na kwa kukosa nini. Mali ni ya umma, na mwenye mali ana haki ya kuhesabu.

Pili, katika kila nauli litengwe fungu la vipuri, lisiguswe kwa posho wala kwa safari za vikao. Nauli ikipungua, serikali iseme wazi itafidia kiasi gani, kama inavyofidia shule na zahanati.

Tatu, iwekwe karakana ya kweli, mbali na bonde la mafuriko. Vijana wa VETA na wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo wapelekwe humo kwa mamia, wajifunze mpaka waweze kuvunja mashine na kuirudisha. Mabasi ya Mbagala yaliagizwa ya kutumia gesi asilia, na gesi tunayo yetu wenyewe, ya Songo Songo na Mnazi Bay. Itakuwa aibu kuwa na gesi yetu chini ya ardhi yetu, na fundi wa kufunga bomba lake tumwagize kwa ndege.

Nne, njia zilizobaki katika zile awamu sita zisifunguliwe kwa utepe kabla mabasi yake hayajafika. Mkataba wa njia na mkataba wa mabasi uwe jambo moja, na atakayeuchelewesha ajulikane kwa cheo chake.

Tano, tiketi iwe moja. Abiria anayeshuka treni akapanda basi asilipe kama mgeni mara mbili katika mji wake mwenyewe.

Sita, njia ya basi iwe ya basi, na magari ya kuzima moto na ya wagonjwa. Mkubwa anayepita humo kwa king'ora kukwepa foleni amechukua nafasi ya watu 150. Sisi twamshauri apande basi. Akilipanda mwezi mmoja, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kutoka Kimara, hatutahitaji kuandika makala nyingine.

NA SISI JE?

Chama si cha kudai tu. Kila tawi lililo kandokando ya njia, kuanzia Kimara, Ubungo, Manzese na Magomeni, hadi Mtoni, Mtongani na Mbagala, liweke jambo la basi katika mkutano wake wa mwezi. Liwachague wanachama wawili wa kuandika kila asubuhi mabasi mangapi yamepita na kwa saa ngapi. Daftari moja la mia tano lina nguvu kuliko manung'uniko ya mwaka mzima, maana mbele ya daftari ofisa hawezi kusema hakuna shida.

Na kila mmoja wetu alipe nauli yake, apange foleni, ampishe mzee, na amshike mkono kijana anayetaka kung'oa kiti au kuvunja kioo. Huwezi kudai mali iheshimiwe na wakubwa ilhali wewe mwenyewe unaidharau.

Wahenga walisema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Njia tumezizaa, kwa jasho na kwa mkopo ambao wajukuu wetu wataendelea kuulipa. UDA ilizaliwa ikafa kwa kukosa malezi. Mwendokasi uliumwa, nasi tulikuwa tukiona. Mtoto wa pili akifa kwa ugonjwa ule ule ulioua wa kwanza, majirani hawatauliza tena juu ya ugonjwa. Watauliza juu ya wazazi.

Basi tulee. Matawi yaanze mwezi huu.